Jigso ya betri katika kubadilisha madirisha: inapofaa na inapoharibu mbao

Seremala wa Worcester (mwanzisha uzi)

Mafundi wenzangu, salaam.

Kwa miaka sita sasa kazi yangu ni kubadilisha madirisha katika nyumba za mbao za jimbo la Massachusetts, Marekani. Useremala niliusomea Tanzania, ambako dirisha hukaa ndani ya ukuta wa tofali na plasta, na kosa la seremala huweza kuzibwa na mwiko wa mwashi. Huku hakuna mwashi wa kunizibia. Ukuta ni mifupa ya mbao iliyofunikwa pande zote mbili, dirisha hukaa katikati ya mifupa hiyo, na kinachofunika nafasi iliyobaki ni mbao za pambizo ninazozikata kwa mkono wangu, ambazo mwenye nyumba atazitazama kila asubuhi anapofungua pazia.

Vijana waliofika huku karibuni, pamoja na ndugu walioko nyumbani wanaotaka kuagiziwa mashine, wamekuwa wakiniuliza swali moja: je, jigso ya betri, ule msumeno mdogo wa mkononi wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka, inatosha kwa kazi hii? Ninaomba nilijibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa nimeona mbao nzuri nyingi zikitupwa kwa sababu ya swali hili kujibiwa kwa neno moja. Jigso ni ya lazima kwa mikato michache ambayo msumeno mwingine hauwezi kuimaliza, lakini mtu akiigeuza kuwa msumeno wa kila kazi itamharibia pambizo zote.

Tuanze na dirisha lenyewe. Nyumba za ghorofa tatu zilizojaa Worcester zilijengwa zaidi kati ya miaka ya 1880 na 1930. Dirisha lake la asili lina fremu mbili za kioo zinazopanda na kushuka, nazo huvutwa na kamba zilizofungwa vyuma vizito vinavyoning'inia ndani ya ukuta. Unapolibadilisha una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha sanduku la zamani mahali pake, ukatoa fremu za kioo na vibao vinavyozishika, kisha ukaingiza dirisha jipya ndani ya sanduku hilo. Hapa kazi ya pambizo ni ndogo. Ya pili ni kung'oa kila kitu hadi kwenye mifupa ya ukuta. Hapa pambizo zote zinaanza upya: kizingiti cha ndani, yaani ule ubao wa chini ambao watu huweka juu yake vyungu vya maua, ubao mwembamba unaokaa chini yake, akitrevu (mbao zinazolizunguka dirisha ukutani) za pembeni na ya juu, na mbao za kujazia unene wa ukuta.

Kizingiti cha ndani ndicho kilichonifanya niiheshimu jigso. Ubao huu ni mrefu kuliko tundu la dirisha. Sehemu yake ya kati huingia ndani ya tundu hadi kuikaribia fremu, na ncha zake mbili hubaki nje zikiegemea ukuta ili akitrevu za pembeni zipate pa kusimama. Ncha hizo mimi huziita masikio. Ili kuyapata masikio ni lazima uondoe pembe mbili za nyuma za ubao, na kila pembe ina mikato miwili: mmoja unaokatiza nyuzi za mbao kutoka ukingo wa nyuma kuja mbele, na mwingine unaofuata nyuzi kutoka mwisho wa ubao hadi kuukuta ule wa kwanza. Msumeno wa duara hauwezi kuimaliza kona hiyo. Diski yake ni mviringo, hivyo upande mmoja wa ubao unapofika kwenye alama upande wa pili bado, na ukiendelea ili ufike, upande wa kwanza umekwisha kupita alama. Wembe wa jigso unasimama wima na unakoma pale unapoukomesha.

Jinsi ninavyofanya ni hivi. Ninauweka ubao mbele ya tundu, ukigusa ukuta pande zote mbili, kisha kwa sikweya ninahamisha mistari ya kuta za ndani za tundu hadi juu ya ubao. Halafu ninafungua bikari kwa kipimo kinacholingana na umbali ambao ubao unapaswa kuingia, nikikipunguza milimita moja au mbili kwa ajili ya rangi na kuvimba kwa mbao wakati wa joto, na kuiburuta ncha yake juu ya ukuta huku penseli ikichora kwenye ubao. Kwa njia hiyo mstari unachukua kila kilima na kila bonde la plasta. Katika nyumba yenye umri wa miaka mia moja hakuna ukuta ulionyooka, na anayechora mstari huo kwa rula atakuja kuona mwanya unaoingia kidole.

Mstari huo uliopinda hukatwa kwa jigso, na hapa pana jambo ambalo sikufundishwa na mtu, nililiona kwa kulichunguza. Kitako cha mashine, yaani bamba lake linalolala juu ya ubao, kina skrubu inayokiruhusu kuinama. Kiinamishe digrii 3 hadi 5, uelekeo ambao utaufanya ukingo wa juu wa sikio utangulie na wa chini ubaki nyuma kidogo. Ubao ukisukumwa ukutani, ukingo wa juu unaoonekana ndio unaogusa kwanza, na pale usipokaa vizuri unaweza kuupunguza kwa randa ndogo au tupa bila jasho, kwa kuwa unapunguza ukingo mwembamba na si unene wote wa mbao. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka, kwa sababu ukiinamisha upande usio sahihi mwanya utakuwa juu, mbele ya macho ya kila anayeingia chumbani.

Mwaka wangu wa kwanza niliharibu kizingiti cha mwaloni ambacho mteja alikuwa amekwisha kukilipia. Alama zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa bledi, yaani wembe wenyewe. Niliitumia ile ya meno makubwa niliyokuwa nimetoka kukatia mbao za kuezekea, nikakata nikiwa nimeuelekeza uso mzuri juu, na kitufe cha mwendo wa kuzunguka kikiwa kwenye namba 3. Uso wote wa mkato ulimegeka vibanzi. Nilirudi dukani kwa pesa yangu, na tangu siku hiyo sianzi kazi ya pambizo bila kufunga bledi mpya.

Kuielewa sababu yake kunasaidia kuliko kukariri namba. Jigso ilizaliwa kutoka kwenye cherehani. Mwaka 1946 Albert Kaufmann, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Scintilla nchini Uswisi, aliitoa sindano ya cherehani ya mkewe akafunga wembe wa msumeno mahali pake, na mwaka 1947 mashine hiyo ikaanza kuuzwa. Kama ilivyo sindano, wembe wa jigso umeshikwa upande wa juu tu. Ncha yake ya chini iko huru, na ukiusukuma kwa nguvu au ukiupeleka kwenye mbao nene na ngumu, hupinda. Juu utakuwa kwenye mstari na chini utakuwa umetoroka. Tena meno ya bledi ya kawaida hutazama juu na hukata wakati wa kupanda, kwa hiyo uso unaomegeka ni ule ulio juu, unaogusana na kitako. Ndiyo maana ubao hulazwa kifudifudi, uso mzuri chini, na alama huhamishiwa mgongoni.

Kuhusu bledi, chagua mashine inayopokea shina lenye umbo la herufi T, kwa kuwa bledi zake ndizo zilizoenea zaidi. Kwa mikato iliyonyooka ya pambizo ninatumia T101B, yenye meno 10 kwa kila inchi. Kwa mstari uliopinda ninatumia T101AO, ambayo ni nyembamba na meno yake ni madogo zaidi. T144D ni ya kukata haraka mbao nene, na haipaswi kuusogelea ubao utakaoonekana. Majina haya ni ya kampuni ya Bosch, lakini wauzaji wengi wa bledi huyataja, na hata mwenye duka asiyeyajua atakuelewa ukimwonyesha meno.

Kile kitufe chenye namba 0 hadi 3 husukuma wembe mbele wakati wa kupanda ili ule mbao kwa kasi. Kwa pambizo kiache kwenye 0. Utachelewa sekunde chache, na utakuwa umejiokolea nusu saa ya msasa.

Sasa betri. Sifa kubwa ya jigso ya betri katika kazi hii ni kwamba unaweza kuiweka karibu na dirisha lenyewe. Kizingiti kimoja hujaribiwa mahali pake mara tatu au nne kabla ya kukaa, na kama msumeno uko nje uani na dirisha liko ghorofa ya tatu, fundi atachoka, ataanza kusema "inatosha" kabla haijatosha. Waya nao hunasa kwenye kona ya ubao katikati ya mkato uliopinda, na mnaso mdogo tu huacha kovu. Voltu 18 zinatosha kabisa. Zile zinazoandikwa 20 huku Marekani ni seli tano zilezile: kila seli hutoa voltu 3.6 katika kazi ya kawaida na huwa karibu na 4 inapokuwa imejaa, hivyo tofauti iko kwenye karatasi ya sanduku. Tumia betri ndogo ya Ah 2 (Ah ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), si ile kubwa ya Ah 5, kwa maana betri nzito huivuta mashine nyuma na kitako kikainuka kwenye ubao bila wewe kutambua. Mashine niliyonayo ni Makita DJV182. Wembe wake hupanda na kushuka milimita 26, na unaweza kufikisha mapigo 3,500 kwa dakika. Siwaambii mnunue hiyo. Nawaomba mkague mambo mawili kabla ya kulipa: kitako kisicheze kinapokazwa kwenye sifuri, na kigurudumu kinachoegemeza mgongo wa wembe kisiwe na mchezo upande wa kushoto wala kulia.

Yako mahali ambapo jigso siitumii. Dirisha la kiwandani lililotengenezwa kwa ukuta wa kawaida wa kisasa lina kina cha inchi 4 na 9/16, takriban milimita 116, ilhali kuta za zamani za plasta ni nene zaidi, tena unene wake hubadilika kutoka juu hadi chini. Zile mbao za kujazia unene huo lazima zipunguzwe kwa mshazari mrefu ulionyooka, na kazi hiyo ni ya msumeno wa meza. Pembe za digrii 45 za akitrevu ni za msumeno wa pembe. Na ubao ulio tayari ukutani siukati kwa jigso hata siku moja, kwa sababu wembe hutokeza chini ya kitako kiasi cha vidole vinne, nyuma ya ubao kuna ukuta, ndani ya ukuta huenda kuna waya wa umeme, na kando yake kuna kioo kipya.

Kijana wa Keko

Kaka, ahsante sana kwa uzi huu. Mimi ni fundi wa samani hapa Dar es Salaam, na kazi za madirisha ninazopata ni za kutoa fremu za mninga zilizooza na kuweka aluminiamu. Wateja wengi hawataki pambizo, wanataka silikoni tu. Ila nimeanza kupata wenye nyumba za zamani wanaotaka kizingiti cha ndani cha mbao kwenye dirisha jipya la aluminiamu, na hapo plasta huwa imebomoka vibaya wakati wa kung'oa fremu. Maswali yangu ni mawili. Je, njia hii ya bikari inafaa pale ambapo ukuta wenyewe umebomoka? Na binamu yangu aliyeko Texas anataka kunitumia jigso ya betri pamoja na chaja yake. Kuna tatizo lolote?

Seremala wa Worcester

Mdogo wangu, la kwanza: mwashi atangulie. Ziba plasta, iache ikauke kabisa, ndipo uchore. Ukichora kwenye plasta iliyobomoka utakuwa umekata ubao ufuate kidonda, na mwashi akija kuziba, ubao hautaingia tena. Mninga ukikauka vizuri hutulia na hauvimbi sana, ila uachie nafasi ya milimita moja upande wa aluminiamu, halafu ijaze hiyo silikoni. Vaa barakoa unapoukata, maana vumbi la mninga huwakera watu wengi kifuani.

La pili ni muhimu zaidi, na ninashukuru umeuliza kabla ya mzigo kuondoka. Mashine na betri zitafanya kazi popote. Chaja ndiyo yenye shida: umeme wa Marekani ni voltu 120 na wa Tanzania ni 230, na chaja nyingi zinazouzwa huku zimeandikwa mgongoni voltu 120 peke yake. Ukiichomeka Keko itaungua siku hiyohiyo. Mwambie binamu akutumie mashine na betri, nawe ununue huko chaja ya chapa ileile ya voltu 220 hadi 240.

Kama atakuja nazo mwenyewe kwa ndege, betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Azibebe mkononi, na ncha zake za umeme ziwe zimefunikwa. Kipimo kinachoangaliwa ni saa-wati. Zidisha voltu kwa Ah: betri ya 18 na Ah 5 ni saa-wati 90, iko chini ya 100, inapita bila ombi. Ya Ah 6 ni 108, na hiyo inahitaji idhini ya shirika la ndege.

Randa na Tupa

Habari zenu nyote. Mimi ni seremala wa kike, niko Nairobi, na kazi yangu kubwa ni makabati, lakini jambo hili la kumegeka kwa uso linatuhusu sote. Nakubaliana na kaka kuhusu kulaza ubao kifudifudi. Hata hivyo kuna wakati haiwezekani, kwa mfano ubao wenye ukingo uliochongwa urembo, ambao ukilazwa kifudifudi hautulii. Hapo mimi hufanya hivi: ninapitisha kisu chenye makali juu ya alama, mara mbili au tatu, hadi nyuzi za juu zikatike, kisha ninakata milimita nusu nje ya mstari huo wa kisu. Vibanzi vikitokea vinakoma kwenye mstari. Utepe wa karatasi chini ya kitako pia unasaidia, si kwa sababu unazuia kumegeka sana, bali unazuia kitako kukwaruza mbao iliyokwisha kupakwa vanishi.

Naomba kuuliza kuhusu bledi yenye meno yanayotazama chini. Nimeambiwa ndiyo dawa ya tatizo hili, lakini nilipoinunua na kuifunga, mashine ilikuwa ikirukaruka mikononi mwangu hadi nikaogopa.

Seremala wa Worcester

Dada, hujakosea popote. Bledi hiyo, T101BR, hukata wakati wa kushuka, hivyo kila pigo linaisukuma mashine juu badala ya kuivuta ikae. Bledi ya kawaida hukusaidia kuishikilia mashine. Hii inapigana nawe. Inafaa kwa mkato mfupi ulionyooka, kwenye ubao uliobanwa kwa klempu mbili, kwa mwendo wa wastani, na mkono wa pili ukikandamiza mbele ya mashine. Kwa mstari uliopinda siipendekezi. Njia yako ya kisu ni bora kuliko bledi hiyo, na mimi huitumia kwa ule mkato unaokatiza nyuzi kwenye masikio.

Mkaazi wa Lowell

Ndugu yangu wa Worcester, mimi ni Mkenya, niko Lowell, na kazi yangu ni kama yako. Umeandika vizuri, lakini nina mambo mawili ya kukupinga. La kwanza, ile mashine ya mtetemo yenye bledi bapa inafanya nusu ya kazi unayoisifia jigso. Katika njia ya kuacha sanduku la zamani, mara nyingi kizingiti cha zamani hubaki na kinahitaji kupunguzwa kidogo kikiwa mahali pake, na hapo jigso haina nafasi kabisa. Kijana mwenye pesa ya mashine moja, angenunua ipi?

La pili ni zito. Umezitaja nyumba za tangu miaka ya 1880, ukaeleza kukata na kung'oa, wala hukutaja madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi. Vijana wanausoma uzi huu.

Seremala wa Worcester

Ndugu, kwa hilo la pili nakubali kosa mbele ya wote, na nalisahihisha hapa.

Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani Marekani mwaka 1978. Nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya mwaka huo huchukuliwa kuwa nayo hadi ipimwe, na risasi hudhuru zaidi ubongo wa mtoto mdogo anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Tangu tarehe 22 Aprili 2010, kanuni ya shirika la serikali kuu la mazingira, EPA, inaitaka kampuni inayofanya kazi ya malipo katika nyumba hizo iwe na cheti, na msimamizi wa kazi awe amepata mafunzo. Kazi ndogo zina msamaha, lakini kubadilisha dirisha hakumo kwenye msamaha huo hata kama ni dirisha moja. Sakafu hutandikwa plastiki, chumba hufungwa, na usafi hufanywa kwa mashine ya kufyonza yenye chujio la HEPA, linalonasa hata vumbi jembamba sana, na vitambaa vibichi.

Kwa upande wa jigso maana yake ni hii: usikate ubao wa zamani wenye rangi ikiwa unaweza kuung'oa mzima. Kata utepe wa rangi kwenye kiungo kwa kisu, nyunyizia maji kidogo, kisha tumia wenzo na uung'oe polepole. Jigso iwe ya mbao mpya tu. Kama ni lazima ubao wa zamani upunguzwe, upeleke kwenye sehemu iliyotandikwa, unganisha bomba la kufyonza vumbi kwenye mashine, na uvae barakoa inayostahili kazi hiyo. Nguo za kazi usirudi nazo kwa watoto. Nimefanya kazi siku za nyuma chini ya mwajiri ambaye hakutandika chochote, nami sikujua, na kila nikimwona binti yangu mdogo nalikumbuka jambo hilo.

Kuhusu la kwanza, anayefanya njia ya sanduku la zamani peke yake anunue ile ya mtetemo kwanza, umesema kweli. Anayejenga pambizo upya aanze na jigso, kwa kuwa mashine ya mtetemo haiwezi kufuata mstari uliopinda wa urefu wa sentimita 12 na kuacha ukingo unaokubalika. Sioni kama zinashindana. Moja ni ya ubao uliopigiliwa, nyingine ni ya ubao ulio mezani.

Mzee wa Malindi

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa zamani, niko Unguja, na kuta mnazozilalamikia ninyi ni rula zikilinganishwa na za kwetu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ni nene, na hakuna pembe hata moja iliyo mraba. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mtu habadilishi dirisha apendavyo. Dirisha la msaji huvuliwa, hutengenezwa au hufanyiwa lingine la namna yake, si kupachikwa aluminiamu.

Nataka kuongeza kitu kimoja. Msianze kwenye ubao wa thamani. Chukueni kipande cha plaiwudi nyembamba, mkichore kwa bikari, mkikate, mkijaribishe ukutani, mkipunguze, hata mara tano, mpaka kikae. Hicho ndicho kiolezo. Kisha mstari wake unahamishiwa kwenye msaji mara moja na unakatwa mara moja. Wanafunzi wangu wana mashine hizo za betri, nami siwakatazi, kwa sababu umeme ukikatika kazi inaendelea. Lakini mvule unawashinda. Bledi mpya inakuwa butu kabla ya kumaliza ubao mmoja.

Seremala wa Worcester

Mzee wangu, shikamoo. Kiolezo chako nitaanza kukitumia wiki hii, na ninaona aibu kwamba sikukiweka kwenye maelezo ya mwanzo.

Kuhusu mvule, ndani ya mti ule hujengeka vijiwe vya chokaa, na wembe ukikutana navyo ni sawa na kukata jiwe. Rangi ya mbao ikibadilika kuwa nyeusi ghafla mahali pamoja, huenda kipo hapo. Wanafunzi wapunguze mwendo wa mashine, wasisukume, na watumie bledi ya chuma mchanganyiko, ile ambayo meno yake ni ya chuma kigumu yaliyounganishwa na mgongo unaonyumbulika. Inadumu zaidi kuliko ile ya kawaida ya mbao. Na wakisikia mlio umebadilika, wasimame.

Kijana wa Keko

Nimerudi na matokeo. Jumamosi nilifanya kizingiti cha mninga, upana wa mita 1 na sentimita 40, kwa jigso ya waya niliyoazima, kwa kuwa ya kwangu haijafika. Nilimsubiri mwashi siku nne. Nilifanya kiolezo cha plaiwudi kama alivyosema mzee, nikakijaribisha mara tatu, nikapitisha kisu kama alivyosema dada, na kitako nikakiinamisha digrii 4. Sikio la kulia limekaa kabisa, karatasi haipiti. La kushoto lina mwanya wa kama milimita mbili kwa chini, upande usioonekana. Waya ulininasa mara moja kwenye kona, na alama yake ipo. Je, huo mwanya wa chini niuzibe?

Seremala wa Worcester

Usiuzibe, mdogo wangu. Huo ndio mshazari wenyewe ulioukata, na ule ubao mwembamba wa chini ukishapigiliwa utaufunika. Alama ya waya ipige msasa namba 120 kwa kufuata nyuzi, kisha 180, kabla ya vanishi. Ukipata nafasi tuwekee picha ya sikio la kulia.